Pamba ya Randy Owen na Pamba ya Kwetu

Kabla hamjaniuliza kwa nini nimeleta mzungu wa Alabama katika kurasa za fasihi ya Kiswahili, naomba mnisikilize kwanza. Rafiki yangu mmoja, ambaye huwa tunasomeana miswada, ameshaniuliza swali hilohilo. "Ndugu yangu, hivi washairi wa kwetu wamekwisha hata uanze kuhakiki hao wazungu wa kofia pana?" Nikacheka tu. Sikumjibu, maana jibu lenyewe ni refu. Ndilo hili.

Mimi nimezaliwa Maswa, katikati ya pamba. Nilijua kutenganisha pamba safi na fifi kabla sijajua kuandika jina langu. Baba mdogo alikuwa dereva wa lori, akibeba marobota ya pamba, na safari nyingine zikimfikisha hadi Kenya. Huko, hasa nyanda za juu, watu wanaupenda muziki wa kantri kama ni wa kwao, na wanao waimbaji wao wenyewe wa mtindo huo. Basi alirudi na kanda. Jim Reeves, Kenny Rogers, Dolly Parton, na kanda moja isiyo na jalada iliyoandikwa kwa kalamu: ALABAMA. Ziliendelea kulia nyumbani mpaka mimi nikakua, wakati wenzetu walikwishaacha kanda siku nyingi.

Baba mdogo hajui Kiingereza cha kumwezesha kufuata wimbo. Lakini ulipofika wimbo mmoja wenye fidla na mwendo wa kasi alikuwa anasema, "Mwanangu, huyu mtu amelima. Sikiliza sauti yake. Huyu amelima pamba."

Mimi nikadhani ni maneno tu ya mzee aliyechoka na barabara. Nilipomaliza kidato cha nne, nikiwa nyumbani sina shule wala kazi, nikakaa na kamusi na ile redio kaseti, nikaufasiri wimbo ule neno kwa neno. Bwana wee! Baba mdogo alikuwa sahihi. Ulikuwa wimbo wa pamba.

Mwimbaji huyo ni Randy Owen, sauti ya mbele ya bendi iitwayo Alabama. Leo nataka tumhakiki kama tunavyomhakiki mtunzi yeyote, yaani maisha yake, fani yake na maudhui yake. Mwishoni nitasema kitu kuhusu riwaya yangu ambayo bado haijaisha, maana huyu bwana ameniharibia sura nzima.

Tuanze na maisha. Randy Owen alizaliwa tarehe 13 Desemba 1949, karibu na mji mdogo wa Fort Payne, kaskazini mashariki mwa jimbo la Alabama, Marekani. Juu ya mji huo umelala mlima mrefu uitwao Lookout Mountain, na huko ndiko wazazi wake walikolima. Binamu yake Teddy Gentry alikulia mlima huohuo, shamba jingine la pamba. Waliimba pamoja kanisani wakiwa watoto, wakajifunza gitaa pamoja. Baadaye akaungana nao Jeff Cook, ambaye naye ni ndugu yao wa mbali. Kwa hiyo ukisikia sauti tatu za bendi hii zikishikana mpaka hujui ipi inaanzia wapi, usishangae. Ni watu wa ukoo mmoja.

Jambo la kwanza lililonigusa ni hili: Owen aliacha shule akiwa darasa la tisa. Kwa hesabu za kwetu hapo ni kama kidato cha pili. Halafu akarudi. Akamaliza sekondari, akaendelea hadi chuo, na mwaka 1973 akahitimu Jacksonville State University. Alisomea nini? Kiingereza, lugha na fasihi! Mtoto wa pamba, mpiga gitaa, amekaa darasani anasoma riwaya na mashairi. Ninyi wenzangu mnaodhani mwanamuziki hahitaji kusoma, na ninyi mnaodhani msomi hawezi kupiga gitaa, hapo mnasemaje?

Alipomaliza chuo hakwenda kufundisha. Yeye na binamu zake walikwenda Myrtle Beach, mji wa pwani huko South Carolina ambako watu huenda kupumzika, wakaanza kupiga katika baa iitwayo The Bowery. Wakati huo bendi iliitwa Wildcountry. Hawakuwa na mshahara wa maana, waliishi kwa bakshishi za wateja. Kiangazi cha kwanza kikapita, cha pili, cha tatu. Mwaka 1977 wakabadili jina na kujiita Alabama, wakasaini mkataba na kampuni ndogo ya GRT. Wimbo wao ukafika nafasi ya 78 tu, kisha kampuni ikafilisika. Kumbe ndani ya mkataba kulikuwa na kifungu kinachowazuia kurekodi na kampuni nyingine! Iliwabidi wachange fedha wajikomboe kama mtu anayekomboa shamba lililowekwa rehani. Tunaokimbilia kusaini karatasi ya mchapishaji kwa furaha ya kuona jina letu kwenye jalada, na tusome vifungu kwanza.

Mwaka 1980 kampuni kubwa ya RCA ikawachukua, na mlango ukafunguka. Tangu mwaka huo hadi 1987, ukiacha wimbo mmoja wa Krismasi, nyimbo zao 21 mfululizo zilishika namba moja kwenye chati za kantri. Tuzo ya mburudishaji bora wa mwaka ya chama cha kantri, CMA, waliichukua miaka mitatu kwa mkupuo, 1982, 1983 na 1984. Kabla yao, mji wa Nashville ulizoea mwimbaji mmoja mwenye jina, na wapiga vyombo wamesimama nyuma gizani. Alabama walionyesha kwamba bendi nzima inaweza kuwa nyota. Lakini mwaka uleule wa 1980 Owen alifiwa na baba yake. Mkulima yule hakuishi kuona mavuno.

Sasa fani. Wale tuliosoma fasihi shuleni tulifundishwa kuandika "msanii ametumia lugha rahisi inayoeleweka" na kupata alama zetu. Mimi nataka kusema zaidi ya hapo. Sauti ya Owen ni nzito kiasi, ina mkwaruzo kidogo, na haina haraka. Katika nyimbo za mapenzi, kama ule wa mwaka 1981 uitwao "Feels So Right" alioutunga mwenyewe, anaimba chini kabisa kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Halafu katika nyimbo za mlimani anaipandisha, fidla inaingia, mwendo unakaza, na wenzake wanampokea. Hapo ndipo siri yake ilipo. Haimbi kama nyota anayewaimbia watu. Anaimba kama mtu aliyetangulia mstari mmoja kwenye jembe, na wengine wanafuata nyuma yake. Mtu aliyewahi kulima kwa kundi anaijua hiyo. Kuna anayeanzisha na kuna wanaopokea, na anayeanzisha hatakiwi kuwaacha wenzake mbali.

Baba mdogo aliisikia hiyo bila kamusi. Mimi nilihitaji kamusi na miaka sita.

Tuje kwenye maudhui, na hapa ndipo penye ugomvi wangu naye. Dhamira kubwa ya Owen ni nyumbani. Wimbo uliowatambulisha, "My Home's in Alabama", aliutunga na Gentry, na unamhusu mwanamuziki aliye mbali ambaye moyo wake haujatoka kwao. Mwaka 1982 ukaja "Mountain Music", alioutunga mwenyewe, wa utoto na mlima. Hata kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 2008, alikiita Born Country, yaani mzaliwa wa shamba. Na hakuishia kuimba tu. Alipotajirika hakuhamia mjini, alibaki mlimani kwao na kufuga ng'ombe. Namheshimu kwa hilo. Sisi huku waandishi wengi tunaimba sifa za kijiji tukiwa tumejibanza Dar es Salaam, na kijijini tunakwenda kwenye misiba tu.

Ule wimbo wa baba mdogo unaitwa "Song of the South". Alabama waliutoa mwishoni mwa mwaka 1988 na ukashika namba moja mwaka uliofuata. Hakuutunga Owen. Mtunzi ni Bob McDill, na wengine walikuwa wamekwisha kuurekodi kabla. Unasimulia familia ya wakulima wa pamba kusini mwa Marekani, wakati wa ule mdororo mkubwa wa uchumi wa miaka ya 1930. Wanalima, wanabaki maskini, mama anaugua, shamba linachukuliwa, wanahamia mjini, na mwishowe baba anapata kazi kwenye mradi wa umeme wa serikali. Ni riwaya nzima ndani ya dakika tatu! Na anapouimba Owen unaamini, kwa sababu ya ile sauti ya mtu aliyelima.

Lakini nilipokuwa nafasiri, swali moja likanikaa kooni. Pamba ya Alabama, mbona tuliisoma kwenye historia? Si ndiyo iliyovunwa na babu zetu waliofungwa minyororo? Nikatafuta. Sensa ya Marekani ya mwaka 1860 ilihesabu watumwa zaidi ya 435,000 katika jimbo hilo, yaani asilimia 45 ya watu wote waliokuwamo. Karibu nusu! Mwaka 1963, Owen akiwa na miaka 13, wabaguzi walitega bomu katika kanisa la watu weusi mjini Birmingham, jimbo hilohilo, wakaua wasichana wanne. Na huko kwao Fort Payne kwenyewe, jina la mji limetokana na ngome ambako mwaka 1838 watu wa kabila la Cherokee walikusanywa kabla ya kufukuzwa kupelekwa magharibi. Katika kijiji cha Willstown, kilichokuwa mahali hapohapo, aliishi Sequoyah, yule bwana aliyebuni maandishi ya lugha ya Cherokee na kuyakamilisha mwaka 1821. Hebu fikiri, mwandishi mwenzangu: ardhi ile iliwahi kuwa na mtu aliyewapa watu wake herufi.

Sasa sikiliza nyimbo za nyumbani za Randy Owen. Mlima upo. Mto upo. Bibi yupo, kanisa lipo, samaki yupo. Hao wengine hawapo. Na si kwamba hawapo tu. Kwenye majalada kadhaa ya albamu za Alabama za mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilichorwa bendera ya majimbo ya kusini, ile ya upande uliopigana ili utumwa ubaki. Kwa wao labda ilikuwa alama ya kwao tu, kama sisi tunavyovaa kanga ya mkoa. Lakini alama haiulizi nia ya mvaaji, inamwumiza anayeikumbuka.

Nataka niwe mwadilifu, maana mhakiki asiye mwadilifu ni mpiga domo tu. Milima ile ya kaskazini mashariki haikuwa nchi ya mabwana wakubwa wenye mamia ya watumwa. Mashamba hayo yalikuwa zaidi katikati ya jimbo. Mlimani walikuwa wazungu maskini, wakulima wadogo, na wazazi wa Owen walitoka kwa watu wa aina hiyo. Anaposema kwao walivuna kwa mikono yao hadanganyi. Tena mtu huyu mwaka 1989 alianzisha mchango wa redio za kantri kwa ajili ya hospitali ya watoto ya St. Jude, Memphis, ambako watoto wenye saratani hutibiwa na familia hazitumiwi hesabu ya malipo. Mchango huo umekusanya mamia ya mamilioni ya dola. Hospitali hiyo ilipofunguliwa mwaka 1962 ilipokea watoto wa rangi zote, wakati ambapo huko kusini hilo halikuwa jambo la kawaida. Mwaka 2011 vimbunga vilipoua watu wengi Alabama, bendi iliyokuwa imekwisha kuaga ilirudi jukwaani Birmingham kuchangia waliopoteza makazi, na kimbunga hakikuchagua rangi ya paa.

Kwa hiyo nikajikuta na jambo gumu. Mikono ya mtu huyu imewafikia watu ambao nyimbo zake hazikuwataja. Je, tumhukumu kwa lipi? Wapo watakaosema muziki ni burudani, uache historia ilale. Siwezi kukubali. Pamba si burudani. Mwaka 1901 Wajerumani waliwapeleka Togo vijana weusi waliosomea Tuskegee, hukohuko Alabama, wakafundishe kilimo cha pamba. Miaka minne baadaye huku kwetu Wamatumbi waling'oa pamba ya shuruti, na vita ya Maji Maji ikaanza. Uzi ni mmoja, wenzangu. Shamba la Maswa na shamba la Lookout Mountain ni majirani kuliko inavyoonekana kwenye ramani.

Hukumu yangu ni hii. Owen ni msanii mkubwa wa nusu ya nyumbani. Kila alichokiimba ni kweli, na utamu wake si wa bandia, kwa sababu mtu aliyekula njaa nyumbani ana haki ya kukumbuka harufu ya jiko la mama yake. Ila nyumbani ni mahali pa watu wote waliowahi kupatolea jasho, na wimbo wa nyumbani unaowasahau hao una ufa. Ufa huo hausikiki mara ya kwanza. Ukishausikia mara moja, utausikia kila siku.

Niliandika maneno hayo hapo juu nikajiona fundi. Jioni nikamsomea baba mdogo sura ya nne ya riwaya yangu, ambayo imo kwenye kaunta buku la pili, inayohusu mavuno ya nyumbani kwetu. Nimeipamba kwelikweli. Jua la Juni, magunia yamejaa, baba anaimba, watoto wanaruka juu ya pamba. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema taratibu, "Nzuri, mwanangu. Na wale akina mama waliotuvunia mwaka ule, mbona hawamo?"

Nilinyamaza. Alikuwa anasema mwaka ambao mnunuzi alichukua pamba yetu kwa mkopo akachelewesha malipo, na sisi tukashindwa kuwalipa vibarua. Walikuwa wanne, wa kijiji cha pili, wa kulipwa kwa kilo. Mmoja wao alikuja nyumbani mara tatu, mtoto mgongoni. Nilikuwa na miaka kama tisa. Mara zote tatu nilitumwa mimi kwenda mlangoni kumwambia baba hayupo. Baba alikuwepo, amekaa chumbani, kichwa mikononi. Mara ya tatu yule mama alinitazama akasema, "Haya mwanangu, msalimie," akaondoka. Hakurudi tena.

Hayo yote nilikuwa nayajua nilipoandika sura ya nne. Sikuyasahau hata kidogo. Niliyaacha nje kwa sababu yaliharibu utamu, na kwa sababu baba yangu ni mtu mwema na nilitaka msomaji ampende. Nadhani Randy Owen naye alimpenda baba yake hivyohivyo. Ndiyo maana siwezi tena kumnyooshea kidole nikiwa nimesimama mbali. Nimesimama naye kwenye mstari mmoja wa jembe, na ufa wake ni wangu.

Alabama waliingizwa kwenye jumba la heshima la muziki wa kantri mwaka 2005. Jeff Cook alifariki Novemba 2022 baada ya kuugua Parkinson kwa miaka mingi. Kazi ya Owen ipo kwenye sahani na kanda, haibadiliki tena. Yangu bado ni penseli. Sura ya nne nimeikata kurasa kumi na moja, na sasa naanza upya pale mlangoni, mtoto anapotumwa. Sijui kama baba atanisamehe akiisoma. Ila yule mama lazima aingie ndani ya kitabu, kwa kuwa ndani ya nyumba hakuingia.

Na kanda naendelea kuisikiliza. Wale watakaoniambia nimtupe Owen, siwasikii. Wale watakaoniambia nisimuulize maswali, hao nao siwasikii. Mwenye hoja tofauti aiandike aitume kwa mhariri. Nitaisoma, na nikishindwa nitakiri hapahapa.